Kindege cha Watu Wawili

Abdulaziz alikuwa mtu wa kula na watu. Fazila alipoolewa naye, hilo ndilo jambo la kwanza alilomlalamikia mama yake, kwamba huyu mwanamume hawezi kusikia harufu ya chungu kimeiva bila kuita nusu ya mtaa. Madereva wenzake, mafundi wa gereji, mpita njia yeyote aliyesalimia vizuri, wote walikaribishwa mkekani, na pilau ya watu wanne ikalazimishwa kutosha tisa. Sasa kiharusi kilikuwa kimempiga upande wa kulia, na mtu huyohuyo alikuwa akila chumbani peke yake, mlango umefungwa, kijiko mkono wa kushoto. Na Fazila, aliyenung'unika miaka yote ile, angetoa chochote aone tena viatu vya wageni vimerundikana mlangoni pake.

Kiharusi kilimkuta Malaba, lori likiwa limesimama kwenye foleni ya kuvuka kwenda Uganda. Watu wa Busia walisema ni Mungu tu, maana kingemkuta kwenye mteremko ungekuwa msiba mwingine. Mguu ulirudi polepole. Maneno nayo yalirudi, ingawa mwenyewe hakutaka kuyatumia. Mdomo ulibaki umepinda kidogo, na mkono wa kulia ukawa unalala pajani kama mzigo wa mtu mwingine alioombwa autunze.

Shehe alikuja akamweleza kwa upole kwamba mwenye udhuru hana lawama, ale kwa kushoto bila wasiwasi.

"Najua, shehe," Abdulaziz akasema.

Alijua kweli. Tatizo halikuwa dini. Tatizo lilikuwa ule wali uliodondoka kifuani, na ule mdomo usiofunga sawasawa, na mtu kukutazama halafu ajifanye alikuwa anatazama dirisha. Fazila alipojaribu kumlisha, alifunga mdomo akageukia ukutani. "Mimi si mtoto," alisema.

Hayo yote Fazila angeyasubiri. Anauza vitenge sokoni, na mtu anayeuza vitenge huzoea kumngoja mteja afunue vitambaa vyote ndipo anunue leso. Lakini binti yao Zainabu alikuwa amechumbiwa, na watu wa mchumba walikuwa wanakuja Jumamosi ya juma lililofuata kutoka Malaba kuzungumza mahari na kula chakula. Mahari huzungumzwa na yakaisha. Chakula ndicho wageni huenda nacho kwao wakikisimulia, na baba wa binti asipotia mkono kwenye sinia moja na wakwe zake, wataondoka wakiulizana wamemkosea nini.

"Mtafuteni ndugu yangu akae nao," Abdulaziz alisema. "Mimi nitawasalimia, tutamaliza maneno, chakula kikija narudi ndani."

Zainabu aliingia jikoni akalia. Mama yake alipomuuliza, akasingizia vitunguu, na vitunguu vilikuwa bado havijamenywa.

Katika hali hiyo ndipo alipotokea Emojong. Emojong ni mtu wa Amagoro, na kwa miaka mingi alikuwa tanboi, yaani utingo, wa Abdulaziz kabla ya kupewa lori lake mwenyewe. Aliingia na mfuko wa nailoni wa Uganda, wa aina ile ambayo huku kwetu imepigwa marufuku, akatoa ndani yake kimashine chenye kioo katikati na vitufe pande zote mbili, kinachoenea viganjani.

"Boss, si unakumbuka zile mashine za gemu pale Malaba? Zile kubwa kama kabati?"

Macho ya Abdulaziz yalisogea.

"Zote ziko hapa ndani. Nimetoa Kampala. Kuna programu inaitwa emuleta. Inadanganya hii kitu kidogo, inajiona ni ile kabati. Gemu yenyewe haijui ilihama." Emojong akamgeukia Fazila. "Shemeji, sisi tulikuwa tunangoja karatasi za forodha siku nzima, na mfukoni tuko na pesa ya gemu moja tu. Sasa tunacheza moja watu wawili. Mmoja anaendesha kindege, mwingine anafyatua. Boss alikuwa hakubali kufyatua hata siku moja. Eti dereva ni dereva."

Fazila alicheka, kwa sababu hilo lilikuwa kweli tupu kuhusu mume wake. Abdulaziz akakipokea kile kimashine kwa mkono wa kushoto. Emojong akabonyeza vitufe viwili vitatu, kioo kikawaka, kindege kikatokea chini, ndege za adui zikaanza kushuka kutoka juu. Kidole gumba cha kushoto kikaanza kazi bila kufundishwa, kindege kikakwepa huku, kikakwepa kule. Lakini hakikufyatua risasi hata moja, maana vitufe vya kufyatulia viko upande wa kulia. Punde kikalipuka.

Emojong akanyoosha mkono wake ashike upande ule mwingine kama zamani. Kwake lilikuwa jambo dogo kabisa. Abdulaziz akakiweka kimashine mezani.

"Rudi nacho," akasema, akainuka akaingia chumbani.

Emojong alikunywa chai yake, akaaga, akakiacha kimashine palepale mezani kwa makusudi huku akijifanya amesahau.

Kesho yake mvua ilifunga soko mapema. Fazila akarudi nyumbani, akakiona bado kipo mezani, akaona afadhali akiwashe ajue kama ni kizima, wasije wakasema kimeharibikia kwake. Kikawaka. Kindege hakikutoka. Badala yake maneno ya Kizungu yakawa yanawaka na kuzima yakidai sarafu. Fazila alikigeuza huku na huku akitafuta tundu la kuingizia sarafu. Akakitazama chini, akakitazama ubavuni, akapata kijitundu kimoja chembamba ambacho hata kucha haikuingia, akabaki na shilingi yake mkononi akifikiri.

"Hakuna tundu," sauti ikasema.

Mlango wa chumbani ulikuwa wazi kidogo, na mume wake alikuwa akimtazama kutoka kitandani.

"Sasa mbona inaomba pesa?"

"Inaomba kwa mazoea tu. Bonyeza kile kitufe kidogo cha juu, kushoto."

Akabonyeza, na ile mashine ikajiamini kuwa imelipwa. Fazila akacheza. Kucheza huko ni heshima tu kukuita kucheza. Alikwenda kulia wakati risasi zilikuwa kulia, akasimama palipohitaji kukimbia, akafa, akabonyeza, akafa tena. Kila alipokufa kimashine kilitoa mlio wa kusikitisha, na kila mlio ulifika chumbani.

"Unakufa vibaya," Abdulaziz akasema.

"Kwani kuna kufa vizuri?"

"Kuna."

Akafa tena. Halafu akasikia kitanda kinalia, mguu unaburuzwa, na mume wake akatokea mlangoni akiwa amekasirika kweli, hasira ya dereva anayeona mtu akiua gia. Akaketi kwenye kochi, kushoto kwake. "Lete. Nitaendesha mimi. Wewe fyatua."

Nataka msomaji anielewe hapa. Fazila hakuwa amepanga lolote. Laiti angekuwa mjanja kiasi hicho tungemsifu, lakini alikuwa mchezaji mbovu tu, wa kutia huruma, na ubovu huo ndio uliomtoa mume wake kitandani. Kwa muda mrefu watu wote walikuwa wakija kumsaidia Abdulaziz. Siku hiyo ndipo alipopata mtu anayehitaji msaada kuliko yeye.

Wakakilaza kimashine juu ya mkono wake wa kulia, ule uliolala pajani, ukawa meza. Yeye akashika upande wa kushoto, mkewe akashika wa kulia, mabega yao yakagusana. Mara ya kwanza hawakufika popote. Fazila alifyatua mfululizo kama mtu anayefukuza ndege shambani.

"Usipige hovyo. Ngoja nikufikishe."

"Nitajuaje umenifikisha?"

"Utajua."

Na kweli, baada ya siku kadhaa akaanza kujua. Bega la Abdulaziz lilikuwa likijikaza kidogo kabla ya kindege kugeuka, na Fazila akajifunza kulisikiliza lile bega. Alasiri baada ya swala wakawa wanakaa pale kochini, na Zainabu akipita huwasikia wakigombana, huyu akisema umechelewa, yule akisema wewe ndiye umepita. Siku moja walifika kwa lile lidege likubwa la mwisho wa hatua ya pili, Abdulaziz akalikwepa kwa namna iliyomfanya Fazila aangue kicheko, akasahau kufyatua, wakafa wote wawili vizuri sana. Abdulaziz naye akacheka mpaka machozi yakamtoka, mdomo umepinda hivyohivyo, na hakuuficha.

Fazila akamtazama. Alikuwa amemkosa mume wake wakati wanalala chumba kimoja, na hakuwa amemwambia mtu yeyote kwamba inawezekana kumkosa mtu namna hiyo. Moyo wake ukajaa. Ndiyo maana akapata ujasiri wa kuuliza.

"Baba Zainabu, na Jumamosi je?"

Kidole cha Abdulaziz kikasimama. Kindege kikabaki mahali pamoja mpaka kikapigwa.

"Hii ni gemu," akasema taratibu. "Hapa hakuna mtu anatuona."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika, Fazila angepata pa kuanzia.

Jumamosi ikafika. Wageni walikuja na magari mawili, wakiongozwa na baba wa mchumba, Mzee Jamiru, mfanyabiashara wa Malaba mwenye ndevu nyeupe na sauti ya chini. Wanaume waliketi sebuleni mkekani, wanawake upande wa jikoni, kama kawaida ya nyumba ile. Emojong alikuwepo pia, amevaa koti. Abdulaziz alitoka na kanzu iliyopigwa pasi, akasalimia, akaketi, akazungumza mahari vizuri kuliko alivyotarajiwa. Alikataa palipofaa kukataa, akalegeza palipofaa kulegeza, na hata akamtania Mzee Jamiru kuhusu barabara za Malaba. Kisha likaletwa birika la kunawia.

Fazila alikuwa amesimama mlangoni na sinia la pilau mikononi. Akalitua katikati ya wanaume, akarudi mlangoni, na hakuweza kwenda mbali zaidi ya hapo. Alimwona mume wake akiweka mkono wa kushoto chini ili ajisukume ainuke. Ndugu yake mkubwa alikuwa ameshaanza kusogea achukue nafasi yake.

"Bwana Abdulaziz," Mzee Jamiru akasema, "unatuacha?"

Aliuliza kwa wema tu, kama mgeni anavyouliza. Abdulaziz akabaki hapo, nusu amekaa, nusu ameinuka. Akatazama sinia. Akatazama mlangoni, ambako Zainabu alikuwa amesimama nyuma ya bega la mama yake, mtandio mdomoni, na safari hii hapakuwa na vitunguu vya kusingizia.

Akaketi tena.

"Siwaachi," akasema. "Mama Zainabu. Njoo ukae hapa."

Alionyesha kulia kwake, kati yake na Mzee Jamiru. Katika nyumba ile hapakuwahi kuketi mwanamke kwenye sinia la wanaume wageni wakiwepo. Ndugu yake akakohoa. Mzee Jamiru akamtazama Abdulaziz, akautazama ule mkono pajani, akajivuta kando, pakapatikana nafasi.

Fazila alikwenda. Akanawa, akaketi, akasema bismillahi, akafinyanga tonge. Mkono ulikuwa unatetemeka, na kadiri alivyojua kwamba sebule nzima inautazama ndivyo ulivyozidi. Tonge likafika nusu ya safari likavunjika. Wali ukamwagika kwenye kanzu nyeupe, mafuta yakaacha doa kifuani, mbele ya wakwe.

Akatamani ardhi imfiche. Basi, imekwisha, akawaza, sasa atainuka, na safari hii ni mimi niliyemwaibisha. Akaanza kuokota punje za wali mojamoja kwenye ile kanzu, kichwa chini.

Abdulaziz akamshika mkono kwa mkono wake wa kushoto, akauzuia.

"Wacha hiyo," akasema, wala hakunong'ona. "Usiwaangalie hawa. Ni mimi tu."

Kisha, mbele ya wakwe zake, mbele ya ndugu yake na tanboi wake wa zamani, akafungua ule mdomo uliopinda, akangoja. Aliufungua wazi kabisa, na hakuwa na haraka.

Fazila akafinyanga tonge jingine. Akamtazama yeye peke yake, na mkono ukaacha kutetemeka. Tonge likaingia. Abdulaziz akatafuna, punje mbili zikamponyoka pembeni ya mdomo, akaziacha zianguke. Emojong aliinama kutafuta pilipili ambayo ilikuwa mbele yake. Kule mlangoni Zainabu alikuwa analia waziwazi.

Akameza. Akamwonyesha Fazila kwa kidevu kipande cha nyama anachokitaka, akakipata, na alipokuwa bado anakitafuna akagundua kwamba wanaume wote sebuleni wamesimamisha mikono.

"Mbona hamli?" akawauliza, mdomo umejaa. "Kuleni, jamani. Huyu atapika kingine."