Mzee Asiyeitikia Shikamoo

Mwaka ule wa Operesheni Vijiji, Chausiku alirudi Handeni kutoka Korogwe, alikosomea kutunza wazee kwa wiki mbili, na tangu arudi alikuwa hakaliki. Alipanga vitanda vya makao ya wazee, akavipangua, akavipanga tena. Mkaguzi wa mafunzo angefika Ijumaa, na fomu moja tu ilimkera: ya mzee Moreto, Mmasai aliyeletwa mwezi uliopita.

"Shikamoo, mzee!" alipaza sauti asubuhi, mchana na jioni. Mzee kimya, macho dirishani. Daftari la mafunzo lilisema asiyeitikia salamu mara tatu huenda hasikii. Chausiku akaandika: kiziwi. Basi wahudumu wakawa wanamsema palepale kitandani kwake, kana kwamba hayupo. Ananuka. Ana kiburi. Chausiku mwenyewe, akitandika shuka kwa hasira, alisema huyu masika hayamkuti.

Alhamisi akaja mjukuu wa mzee, Nasieku. Hakutamka neno. Aliinamisha kichwa tu mbele ya babu yake, naye akamwekea kiganja utosini, akamsalimu kwa sauti nzito, wakaongea wee mpaka wakacheka.

Chausiku alizunguka chumba kizima, fomu mkononi. Nasieku alipoondoka, Chausiku alisogea kwa mzee akainamisha kichwa vilevile. Kiganja kikavu kikamgusa.

"Sasa umenisalimu, mwanangu," mzee alisema kwa Kiswahili kilichonyooka. "Haya, niambie. Hayo masika yamebakiza siku ngapi?"