Tasnifu ya Dadisi na Daraja la Mto Ghasia

Katika nchi zote zilizowahi kusifiwa na watu wasioishi ndani yake, hakuna iliyosifiwa kuliko Staha. Mji wake mkuu uliitwa Haiba, na wageni waliofika Haiba walirudi kwao wakisimulia majumba meupe, bustani zilizotunzwa, salamu ndefu zenye ladha, na watu ambao hawakupandishiana sauti hata sokoni. Waliyoyasimulia yalikuwa kweli tupu. Kasoro ya Staha haikuwa katika yale yaliyoonekana. Ilikuwa katika jambo moja ambalo wananchi wenyewe walikubaliana kutolitazama, nalo ni serikali yao.

Kwa Mstaha, kuichunguza serikali iliyomlea ilikuwa sawa na kumchungulia mzazi wake akioga. Aliruhusiwa kuipenda, kuiombea dua na kusimama kwa heshima ipitapo barabarani. Lakini kuuliza ni nani ndani yake mwenye mamlaka gani, ameyapata wapi na yanaishia wapi, kulihesabiwa kuwa utovu wa adabu usio na kifani. Maofisa nao walikuwa Wastaha waliolelewa vizuri, kwa hiyo waliapishwa wakiwa wamefumba macho kwa heshima, wakaingia ofisini bila kuuliza kazi yao ni ipi. Ombi la raia lilipokelewa kwa mikono miwili, likafukizwa udi, likawekwa juu ya sinia la fedha na kupelekwa kwa ofisa wa pili, naye akalifukiza na kulipeleka kwa wa tatu, hata likamaliza kuzunguka mji mzima na kumrudia mwenyewe likinukia vizuri ajabu. Raia alilinusa, akashukuru, akaandika jingine. Jamani, subira waliyokuwa nayo watu wale!

Wala msidhani kwamba elimu ya siasa ilidharauliwa huko. La hasha! Juu ya kilima kizuri kuliko vyote vya Haiba kilisimama Chuo Kikuu cha Upeo, ambako vijana walisomea shahada ya kwanza ya siasa na utawala kwa miaka mitatu, nao walisoma serikali za dunia nzima isipokuwa moja. Walijua mawaziri wa visiwa vya kusini huondolewaje, mabunge ya kaskazini hupigaje kura, na wafalme wa jangwani hurithiwa na nani. Waliweza kubishana mchana kutwa kama mamlaka hushuka kutoka kwa mtawala au hupanda kutoka kwa watawaliwa, mradi tu mtawala na watawaliwa wawe wa watu wengine. Aliyewaongoza katika bahari hiyo ya maarifa ni mkuu wa chuo, Profesa Fahari, mtu mrefu, mwenye sauti nene na kanzu isiyojua vumbi, ambaye aliwahi kutaja kwa ghibu mamlaka yote ya nchi saba bila kumeza mate.

Miongoni mwa wanafunzi wake wa mwaka wa mwisho alikuwamo msichana aliyeitwa Dadisi, binti wa mshona kofia Bi. Raghba. Mama na mwana walikaa mtaa wa Usahaulifu, ng'ambo ya Mto Ghasia, na daraja la mto huo lilikatika zamani katika masika makubwa. Kwa hiyo Dadisi alikwenda masomoni kwa kupita majini, viatu kichwani, vitabu juu ya viatu, na sketi ikamkaukia darasani wakati Profesa akieleza ubora wa barabara za nchi nyingine. Bi. Raghba alikuwa na tamaa moja tu duniani, kumwona binti yake amevaa joho la shahada, na Dadisi naye aliitaka shahada hiyo kwa moyo wake wote, kwa ajili ya mama na kwa ajili ya nafsi yake. Profesa Fahari hakulisahau daraja hata kidogo. Alikuwa na shamba la mawaridi upande wa pili, na kila alipolowa alirudi nyumbani akihema, akaandika ombi kali kwa mhusika, yeyote awaye, na ombi likamrudia likinukia.

Desturi ya chuo ilikuwa kumpeleka kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho nchi ya kigeni, akaandike tasnifu juu ya serikali ya huko. Dadisi alipangiwa Bayana, nchi jirani nyuma ya vilima, ambako watu hucheka kwa sauti na kuulizana mambo bila kupiga magoti. Alipofika chuoni kwao alipokewa na Mwalimu Burhani, mama mnene mwenye miwani, mchangamfu, ambaye alimshika mkono akamwingiza darasani saa ile ile.

"Leo mna bahati," Mwalimu Burhani aliwaambia wanafunzi. "Somo letu ni serikali ya Staha, na Mstaha mwenyewe huyu hapa. Karibu sana, binti. Hebu tuambie, madaraja ya mji wa Haiba yako chini ya nani?"

Dadisi alihisi uso unawaka. "Samahani, Mwalimu," akajibu. "Hilo kwetu hakuna ajuaye."

Darasa zima likageuka kumtazama. Hawakumcheka kwa ubaya, bali kwa mshangao, maana swali hilo kwao lilikuwa la mwaka wa kwanza, la kuwapa moyo wanafunzi wazito. Kijana mmoja wa nyuma akasimama, akajibu kana kwamba anataja jina la shangazi yake: "Yako chini ya mkuu wa Chuo Kikuu cha Upeo. Waasisi wa Staha walikikabidhi chuo madaraja yote ya mji, ili wasomi wasije wakasahau kwamba kuna watu wanataka kuvuka."

Kwanza Dadisi aliona haya, haya ya kutamani ardhi impasukie. Halafu akamkumbuka Profesa Fahari, amekunja kanzu hadi magotini katikati ya Mto Ghasia, akimlaani mhusika kwa Kiswahili kilichonyooka, na kicheko kikamponyoka asiweze kukizuia. Alicheka mpaka Mwalimu Burhani akamletea maji ya kunywa. Alipotulia akasema, "Mwalimu, nisaidie. Nataka kuijua nchi yangu." Mwalimu Burhani akamfungulia maktaba, akamwachia.

Yaliyomo humo yalimpa furaha ambayo hakuwahi kuipata katika masomo. Kumbe kila kitu cha Staha kilikuwa na mwenyewe! Soko lilikuwa na msimamizi, taa zilikuwa na mtunzaji, raia walikuwa na haki ya kumwita ofisa yeyote na kumuuliza, na katiba ya waasisi ilikuwa nzuri, tena yenye huruma. Ila tu ilikuwa imeheshimiwa hata ikaachwa kusomwa. Akaandika tasnifu nene, akaipa jina *Uchunguzi wa Serikali ya Staha*, akarudi kwao.

Bi. Raghba alipolisikia jina hilo alikaa chini puu. "Mwanangu wewe, una wazimu? Si uandike habari za Bayana kama wenzio, upewe joho lako tupumzike?"

"Mama, za Bayana wanazijua Wabayana."

"Na watakunyima shahada, je? Mimi nitauweka wapi huu uso wangu?"

Dadisi alimbusu mama yake mkono, akavuka mto, akapanda kilima na kuikabidhi tasnifu.

Profesa Fahari aliipokea kwa tabasamu, akasoma jina lililoandikwa juu yake, akafumba macho. Hakufungua hata ukurasa mmoja, kwani hakuwa mtu wa kuchungulia wazazi. "Ewe binti," akasema kwa sauti inayotetemeka, "nimekufundisha serikali za dunia nzima, nawe umekosa ya kuandika isipokuwa hii?" Akaifunga tasnifu kwa kitambaa kama kitu cha aibu, akamshtaki mbele ya Baraza la Haiba, akitaka anyimwe shahada maisha yake yote.

Siku ya kesi ukumbi ulijaa. Jaji Insafu aliketi juu, mzee mwenye ndevu fupi na uso mpole, mtu wa haki kwa kadiri alivyoijua. Bi. Raghba alikaa mstari wa mbele, leso mdomoni. Profesa Fahari akasimama, akazungumza kwa ufasaha uliowaliza watu wazima.

"Mheshimiwa Jaji, nchi yetu imesimama juu ya staha. Leo mwanafunzi akiichungulia serikali, kesho ataihoji, keshokutwa ataidai! Sisi wengine tunavumilia. Mimi binafsi navuka Mto Ghasia kwa miguu, nami sijawahi kumtafuta yule mzembe asiyejenga daraja. Namwombea Mungu amzindue, basi!"

"Amin!" watu wakaitikia kwa upole.

Dadisi aliuma midomo, maana kicheko na machozi vilimjia kwa pamoja.

Jaji Insafu akakohoa. "Mashtaka tumeyasikia. Kabla ya kuendelea, naomba nielezwe jambo dogo. Hili Baraza langu, lina mamlaka ya kumhukumu mwanafunzi wa chuo? Au kesi hii ni ya chuo chenyewe? Au ni ya Sultani wetu?"

Makarani wakatazamana. Jaji akamgeukia mshtaki. "Profesa, wewe ndiwe bingwa wa mambo haya."

"Katika Bayana," Profesa Fahari akaanza, "kesi ya namna hii husikilizwa na..."

"Hatuko Bayana."

"Katika visiwa vya kusini..."

"Wala huko hatupo, Profesa."

Profesa akatoa leso, akajifuta shingo. Ikawa dhahiri kwa kila mtu kwamba katika ukumbi ule wote alikuwapo mmoja tu aliyelijua jibu, naye ndiye aliyesimama kizimbani. Jaji Insafu aliona haya, lakini hakuwa na njia nyingine. "Binti yangu," akasema, "wewe unajua?"

"Najua, Mheshimiwa."

"Tuna mamlaka, au hatuna?"

Bi. Raghba alimkazia macho binti yake na kutikisa kichwa, hapana, hapana, sema hapana. Dadisi aliliona. Aliona pia kwamba neno moja tu lingetosha: aseme hawana, kesi ianguke, na jioni hiyo hiyo joho liwe begani kwake, wala hapangekuwa na kiumbe wa kumkanusha. Alimkasirikia Jaji kwa kumuuliza, akaikasirikia nafsi yake kwa kujua. Lakini alikuwa ametumia miaka mitatu kutafuta kitu cha kweli cha kusema, na sasa alikuwa nacho.

"Mnayo," akajibu. "Mnayo yote. Kesi za wanafunzi ni za Baraza hili, na hukumu yenu ikishatoka haina rufaa popote."

Bi. Raghba akajifunika uso. Sauti ya huruma ikapita ukumbini, na hata Profesa Fahari akasahau kujifuta jasho.

"Ahsante," Jaji akasema taratibu. "Na adhabu ya kuichunguza serikali yetu, sheria inasemaje?"

"Haisemi kitu, Mheshimiwa. Hakuna sheria ya namna hiyo. Ni mazoea yetu tu. Waasisi waliandika kinyume chake, kwamba kila raia na aijue serikali yake kama aijuavyo nyumba yake."

Profesa Fahari akaruka. "Uongo! Mheshimiwa, anatunga ili ajiokoe!"

Jaji Insafu alimgeukia. "Profesa," akasema, "mtu wa kutunga ili ajiokoe angetunga nilipomuuliza lile swali la kwanza."

Profesa akaketi.

"Mshtakiwa hana kosa," Jaji akatangaza. "Apewe shahada yake leo. Nami kesho asubuhi, inshallah, nitaanza kusoma, maana nimekaa kwenye kiti hiki miaka mingi na nimetambua sasa hivi kazi yangu ni nini." Hapo Bi. Raghba akapiga kigelegele, kirefu, chembamba, kilichopasua adabu yote ya Haiba. Na kwa kuwa hakuna aliyejua ni ofisa gani mwenye mamlaka ya kumnyamazisha, akapiga na cha pili, na wanawake wengine wakampokea.

Watu walipoanza kutoka, Jaji aliinama mbele. "Binti yangu, hebu nitoe ushamba. Yule mzembe wa daraja, umemjua?"

Dadisi alisita. Profesa Fahari, pamoja na yote, ndiye aliyemfundisha kusoma katiba ya watu wengine, na bila hiyo asingeweza kuisoma ya kwao. Akamwendea, akainama, akamnong'oneza sikioni badala ya kulitangaza ukumbini. Profesa akabadilika rangi. Alitazama kanzu yake, pale chini ambapo maji ya asubuhi yalikuwa yameacha alama ya matope, akaisugua kwa kidole.

"Mimi?" akauliza mwishowe.

"Wewe, Profesa."

"Tangu lini?"

"Tangu siku uliyoapishwa."

"Subhanallah! Na yale maombi yangu yote nilikuwa namwandikia nani?" Akasimama, mrefu vilevile, akamgeukia Jaji na watu waliosalia, akasema kwa sauti isiyo nene hata kidogo, "Mheshimiwa, mzembe wa daraja ni mimi. Mafundi waje kwangu kesho." Kisha akakifungua kile kitambaa, akaitoa tasnifu, akaipangusa kwa kiganja. "Humu ndani, kuna kingine kilicho changu?"

"Kipo. Taa za barabara yote ya mashariki."

"Hata taa! Nami nimejikwaa gizani miaka yote hii nikimtukana mtu!" Akacheka, kwanza kwa uchungu, halafu kwa kweli, na Dadisi akacheka naye. Profesa Fahari akavuta kiti, akakiweka upande wanakokaa wanafunzi, akaketi na kumpa Dadisi tasnifu yake.

"Nisomee, Mwalimu," akasema. "Anzia ukurasa wa kwanza, na usiruke pale panaponiaibisha."