Kaa Katika Maji ya Bomba

Kaa alitoa povu, na Damaris akarudi nyuma mpaka kiuno kikagonga meza ya chuma.

"Usimwogope," Rukiya, mpishi wa siku nyingi, alisema bila kuinua macho kutoka kwenye vitunguu vyake. "Anapumua tu."

"Anapumua kwa mate?"

"Wewe ukitolewa majini ukatiwa ndani ya ndege, utapumua kwa kitu gani?"

Sanduku lilikuwa limefika saa nne asubuhi kutoka uwanja wa ndege. Ndani yake, chini ya gunia bichi, walilala kaa kumi na wawili wa kahawia waliovuliwa katika bahari baridi ya Uskoti, kila mmoja mpana kama sahani ya pilau. Ukingo wa gamba ulikuwa na mikunjo mikunjo kama ya sambusa iliyobanwa kwa vidole. Ncha za magando zilikuwa nyeusi, utadhani zimechovywa katika lami. Na midomo yao, kama ni haki kuiita midomo, ilikuwa milango midogo iliyofunguka na kufungwa, mmoja juu ya mwingine, bila kuchoka. Walinuka matope na chuma chenye kutu, na kwa chini, harufu ya tambara la kudekia lililosahaulika ndooni. Damaris alimeza mate, akajuta, kwa sababu harufu ilishuka pamoja nayo.

Kwao Nyamira, katika mashamba ya chai na nyumba ya Wasabato, kiumbe cha majini kisicho na mapezi hakikuingia jikoni hata kwa maneno. Lakini hapa si Nyamira. Hapa ni Dubai Marina, Desemba ya mwaka 2014, na kwa miezi kumi na mmoja Damaris alikuwa ameosha sufuria za mkahawa huu. Mwisho wa mwezi kazi ya kuosha ilikuwa inapewa kampuni nyingine. Mwoshaji asiyepewa meza yake ya upishi jikoni angerudishwa nyumbani. Stephen, mumewe, alilinda ghala kule Dubai Investments Park. Walioana miaka minne iliyopita, na huu ndio uliokuwa mwaka wao wa kwanza kuishi mji mmoja. Kila Ijumaa Damaris alimpikia ugali. Jambo dogo, lakini ndilo lililomfanya aitwe mke.

Ndiyo maana mpishi mkuu, Sir Antoun, alipomwambia asubuhi ile, "Leo kaa ni wako. Wawe baridi, wasikauke, wawe hai mpaka saa saba, watakapotiwa sufuriani. Ukiweza, meza ya vyakula baridi ni yako," Damaris alijibu, "Ndiyo, Sir," kabla hajaangalia ndani ya sanduku.

Ukutani Sir Antoun alikuwa amebandika karatasi yenye maelezo ya kaa hawa, na Damaris akaisoma ili asiwatazame wenyewe. Ilisema hutembea chini ya bahari wakati wa giza wakila chaza na mizoga. Ilisema kaa akikua hulivua gamba lake lote, mpaka ngozi ya macho, akajificha mwambani akiwa mwororo kama ute hadi jipya ligande. Ilisema jike hubeba mayai hata milioni mbili chini ya mkia, akajifukia mchangani miezi saba bila kula, akiyalinda. Hapo pa mayai alisita. Miezi saba bila kula! Akataka kumhurumia; kisha kaa wa juu akanyoosha mguu wenye vinyweleo, ukakwaruza sanduku, na huruma ikamtoka kama chafya.

Alivaa glovu jozi mbili. Wasikauke, Sir alisema. Basi kiumbe wa majini si umtie majini? Alijaza sinki kubwa maji ya bomba, maji safi ya kunywa, akatia barafu, akawachukua mmoja mmoja kwa koleo huku kichwa amekigeuzia pembeni kama anayebadilisha nepi ya mtoto wa jirani. Povu likaisha. Harufu ikapungua. Walipiga piga miguu kwa muda, halafu wakatulia, na yeye akajisikia vizuri, kama aliyewaogesha watoto na kuwalaza.

Saa saba kasoro robo Rukiya alikuja kuosha mikono. Alimwinua kaa mmoja. Miguu yote ikaning'inia kama nyuzi za mopu.

"Damaris. Umewatia maji gani haya?"

"Ya bomba. Safi kabisa, Dada."

"Yarabi! Maji matamu!" Rukiya, mzaliwa wa Mombasa, alishika kichwa kwa mkono uliolowa. "Hawa ni wa maji ya chumvi, mwanangu. Kwetu mtoto anayetambaa anajua. Wa baharini ukimtia maji ya kisima, anavimba humo ndani, anakufa. Walitakiwa gunia bichi tu!"

"Sisi kwetu ni mto," Damaris alisema.

Josephat wa meza ya mchuzi alisogea, akachungulia, akacheka kidogo. "Sasa kilio cha nini? Tia kwenye maji ya moto. Akishaiva, nani atamuuliza alikufa saa ngapi? Yalla, haraka, sufuria yangu inachemka."

"Kaa aliyekufa anaoza kabla hujageuka," alisema Rukiya. "Na wageni wa leo wamekuja na bibi zao na watoto."

"Mama, wewe unataka huyu arudishwe kwao?"

Rukiya alimtazama Damaris. "Wewe ndiye uliyekabidhiwa. Mimi sitakusemea, na wala sitakuficha." Akaondoka kwenda kusali adhuhuri.

Damaris alibaki na sinki. Josephat hakungoja, aliwakusanya wote kumi na wawili kwa chujio. Mmoja tu, wa mwisho, alitikisa mguu. Wakazama pamoja katika maji ya moto, na walipotolewa kupangwa kwenye sinia wote walikuwa wekundu, warembo, wa kufanana. Mvuke ukampanda Damaris usoni. Chini ya utamu wake kulikuwa na kitu kimoja chembamba, kibaya, kama yai lililopasuka nyuma ya kabati. Akili yake ilisema nyamaza. Pua yake ilikataa.

Saa nane Sir Antoun akaingia, akasugua viganja. "Wazuri! Wote waliingia hai?"

Josephat alikoroga mchuzi kwa bidii isiyo ya kawaida. Damaris aliona Ijumaa yake, ugali wake, Stephen akinawa mikono.

"La, Sir. Niliwaua mimi. Niliwatia maji ya bomba."

Sir Antoun alitukana kwa Kiarabu, kwa kirefu, akizitazama taa za juu. Kisha: "Wote?"

"Mmoja alikuwa hai, Sir. Lakini wamechanganyika."

"Nitafutie huyo."

Damaris aliinama juu ya sinia. Alimnusa wa kwanza pale gamba linapokutana na mguu: kutu. Wa pili: tambara. Wa tatu alimfanya afumbe macho. Alizunguka sinia lote machozi yakimtoka, na wa tisa alipomnusa akakuta harufu ya bahari tu, baridi, basi. Akamnusa tena.

"Huyu."

Sir Antoun alimpasua. Nyama ilikuwa imekaza, nyeupe. Akampasua wa jirani: uji wa kijivu ukamwagika mezani na Josephat akageuza uso.

Sir Antoun alichota nyama nyeupe kwa uma, akamsogezea Damaris. "Onja."

"Siwezi, Sir. Kwetu hailiwi." Alifuta pua kwa mkono wa nguo. "Na hata ingeliwa, Sir... nisamehe. Inanitapisha."

"Mpishi asiyeonja!"

"Mimi nina miaka sita hapa," Rukiya alisema kutoka mlangoni, akirekebisha kitambaa chake kichwani, "na mchuzi wako wa divai naupika kila Alhamisi. Umewahi kuniona nikiuonja?"

"Unaupikaje, basi?"

"Kwa pua, Sir."

Sir Antoun alikula nyama ile mwenyewe, taratibu. "Leo hakuna kaa," alisema mwishowe. "Watupeni." Alichomoa kalamu mfukoni, akaenda kusimama mbele ya ratiba ya wiki, akiwapa mgongo. Bega lake lilifunika karatasi yote.

Damaris aliwamimina wale kumi na mmoja katika mfuko mweusi, akaufunga mafundo mawili, akaubeba kuelekea mlango wa nyuma huku ameshikilia pumzi. Maji ya kijivu yalimdondokea viatuni. Hakugeuka. Nyuma yake kalamu ilikuwa bado inakwaruza: labda jina lake kwenye meza ya vyakula baridi, labda mstari wa kulifuta.