Lori la Babu Halina Kelele

Lori la babu yangu lilikuwa likipiga hodi kabla halijafika. Kila akiliondoa, na kila akibadili gia, ilisikika kong' moja chini ya tumbo lake, na mtaa mzima ukajua Kapteni, kama walivyomwita babu, anakwenda kupakia mchanga. Mtaa mzima, isipokuwa Kapteni mwenyewe.

"Lori langu halina kelele," aliniambia alipolileta gereji kwangu. "Nyinyi vijana masikio yenu yamejaa redio."

"Basi umelileta la nini, mume wangu?"

"Nimekuja kukusalimia. Mke gani hasalimiwi?"

Hilo "langu" lilikuwa la mapenzi tu. Lori lilikuwa la baba mdogo, kitinda mimba wake, na baba mdogo alikuwa ameshatoa neno: Jumamosi atakuja kulijaribu mwenyewe, na likilia analikabidhi kwa dereva mwingine. "Dereva asiyesikia gari lake likilia, ama hasikii, ama hajali," alisema. Niliumia kwa ajili ya babu. Bila usukani namjua. Alipovunjika mkono alishinda nyumbani akimsimamia bibi namna ya kukata vitunguu, hadi bibi akahamishia jiko uani.

Nikakinga matairi kwa mawe, nikatoa gia, nikajilaza chini. Nilishika propela, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi matairi ya nyuma, nikaizungusha huku na huku. Msalaba wa nyuma, kiungo kinachoiwezesha propela kujipinda, ulicheza kidogo, na unga mwekundu wa kutu ukanimwagikia usoni.

"Nimemkamata mwizi!" nikapaza sauti.

Babu alikuwa amekalia tairi bovu, ananitazama kwa uso wa mtu mwenye neno asiyetaka kulitoa. Nikadhani ni ule ubishi wake wa kila siku.

Nikabadilisha msalaba, nikautia grisi, nikafunga nati zote, nikampa ufunguo akazunguke. Hata kona hajafika, nikasikia: kong'. Nikaduwaa. Aliporudi alianza kuingia getini kinyumenyume. Nyuma yake alikuwa mtu wa pikipiki, trei za mayai amezifunga kwenye kiti, anapiga honi mfululizo. Lori likazidi kurudi. Nilipiga kelele hadi koo likakwaruza. Mwisho nikaligonga bodi kwa spana kwa nguvu zangu zote, na papo hapo likasimama. Mayai yalipona.

Babu akashuka anachekelea. "Umeona? Kimya kabisa!"

Nikamwendea hadi tukawa uso kwa uso. "Babu, honi hukuisikia?"

Tabasamu likamtoka. Akaitazama pikipiki, akaitazama spana mkononi mwangu.

"Ulipogonga nimehisi kwenye kiti," akasema. "Na hiyo kong' yenu naihisi kwenye kiti kila siku. Haiko nyuma. Iko katikati."

"Na mimi nimehangaika na msalaba mchana kutwa! Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Si nimeshasema lori halina kelele?"

Nilitaka kukasirika, nikajikuta nacheka hadi nikakaa chini. Kisha nikarudi chini ya lori. Msalaba ule ulikuwa umechakaa kweli, lakini mkorofi mwenyewe alikuwa katikati: beringi inayoishikilia propela ilikuwa imechanika mpira wake wote, na propela ikawa inaruka na kugonga. Nikaibadilisha. Babu alichuchumaa karibu, macho kwenye midomo yangu.

"Baba yako mdogo usimwambie," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa, na moyoni nikajichukia.

Jumamosi baba mdogo aliendesha mwenyewe, gia zote, mlima na mteremko. Alirudi mpole.

"Kimya," akasema, akamnyooshea babu ufunguo. "Nisamehe, baba. Nilikuonea." Akanigeukia. "Fundi, kuna kasoro nyingine?"

Nilifungua mdomo bila kujua nitoe lipi, na babu akanisoma usoni kabla sijatoa neno.

"Ipo," akasema. Ufunguo hakuupokea. "Lori lilikuwa linalia, mkalipeleka kwa fundi. Mimi silii, ndiyo maana hamkugundua. Masikio yangu yamekwisha, mwanangu."

Baba mdogo alimshika baba yake mkono, akakaa nao muda mrefu.

Dereva mpya alianza Jumatatu. Babu alikataa kubaki nyumbani, akapanda kiti cha pembeni, na bibi akashukuru kimyakimya. Jioni lori lilisimama mbele ya gereji, babu akateremsha kioo.

"Mke wangu, kuna kitu kinagonga," akasema, kiganja amekibandika kwenye kiti. "Mbele, kushoto."

"Mimi sijasikia chochote, fundi," akasema dereva mpya.

Nikachukua spana yangu, nikajilaza chini, mbele, kushoto.