Msumeno wa Hiza na Wenye Nguzo

Jumatano, saa nne asubuhi, Mwantumu alikuwa uani anachambua choroko, vijiwe huku, choroko kule, aliposikia mtu anabisha mlango kwa mguu. Alikuwa Sadala wa mgambo. Mikono yake yote ilikuwa na shughuli: wa kulia umebeba gunia lenye kitu kizito, wa kushoto umefungwa kitambaa, na kitambaa kimelowa damu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Usiingie, niko edani."

"Najua mama, siingii." Akaliweka gunia kizingitini. "Katibu kasema eda yako itaheshimiwa. Utatengenezea hapo hapo ulipo."

Mwantumu hakuuliza kitu gani. Alikijua kwa harufu. Ulikuwa msumeno wa mashine wa mumewe, Hiza, ule uliomkata Hiza mwenyewe siku kumi na tisa zilizopita, mkononi mwa huyu huyu Sadala.

Mambo yalikuwa hivi. Ilikuwa mwaka wa sabini na nne, na watu wa Kwedigongo waliambiwa wahamie kijiji kipya, kando ya barabara iendayo Handeni. Nyumba thelathini na moja. Hawakuhama. Yakaja maneno ya kuzichoma, lakini mvua za vuli zilikuwa zimewahi na mapaa yalikuwa maji matupu, kiberiti kinafuka moshi tu. Ndipo Muhidini, katibu kata, akasema basi zikatwe nguzo, nyumba isiyo na nguzo itahama yenyewe. Nguzo zile zilikuwa za miti migumu ya porini. Mashoka mawili yalitoka mapengo kabla ya saa tano. Katibu akakumbuka kwamba kijiji kina msumeno.

Msumeno ulikuwa wa kijiji kwa maneno tu. Hiza alikuwa amepewa na Mzungu wa mbao aliyefunga mashine zake Magoma mwaka wa uhuru akaondoka. Kwa msumeno huo Hiza alikata karibu kila nguzo ya Kwedigongo. Na alikuwa na desturi ya wakata miti wa kwao: kabla meno hayajagusa mti, hutamka mti huo unakwenda kwa nani. "Nguzo ya Mwinjuma." "Nguzo ya Chausiku." Mti usipoambiwa unakokwenda, humwangukia mkataji. Na kama nguzo ni ya mtu aliyekwisha kufa, inabadilishwa kwa sababu mchwa wameila, lazima useme "marehemu." Hapo Hiza alikuwa hana mchezo. Aliwahi kugombana na shemeji yake mwezi mzima kwa sababu ya kulisahau neno hilo.

Walipomwita aje akate, alikuja, akaiangalia nyumba ya mzee Mwinjuma, akasema, "Hii niliisimamisha mimi. Siwezi kuilaza." Akaikumbatia nguzo. Sadala, ambaye msumeno aliuona ukifanya kazi lakini hajaushika hata siku moja, akauvuta kamba, ukawaka, akakata. Msumeno haukuchagua. Ulipita kwenye mbavu, ukapita kwenye mti, ukatokea upande wa pili na kipande cha shati. Nyumba ikaanguka. Hiza alichelewa kidogo, akafa kabla ya adhuhuri. Mwanawe, Abdi, kijana wa miaka ishirini na miwili, akachukua mpini wa jembe akamng'oa Sadala meno mawili ya mbele, akafungwa kamba, akapelekwa kwenye ghala la mahindi la kata. Na msumeno ukazimika, haukuwaka tena.

Toka siku hiyo Mwantumu yuko ndani. Mjane haruhusiwi kutoka kabla ya miezi minne na siku kumi, kwa hiyo mwanawe hajamwona. Chakula alikuwa akimpelekea kwa mkono wa jirani, na kila siku bakuli lilirudi tupu.

"Vidole vimekuwaje?" Mwantumu aliuliza.

"Juzi Jumatatu," alisema Sadala. "Tulileta fundi toka Korogwe. Fransisko, yule Msambaa aliyekuwa anatengeneza mashine za mkonge Mazinde. Mimi nikamshikia."

"Akaona nini?"

"Alivuta kamba, kamba nayo ikamvuta. Bega likatoka mahali pake. Akasema nyie Wazigua hata vyuma vyenu vina ukaidi, mimi kwa watani zangu nakuja kula matanga, siji kutengenezea maiti mashine. Akapanda basi. Nikasema basi niuondoe pale. Mnyororo ukatembea wenyewe, haujawashwa wala nini, ukachukua viwili, ukasimama."

"Vipi na vipi?"

"Cha shahada na cha katikati."

"Pole."

"Nimeshapoa mama."

Mwantumu alipepeta choroko mara mbili. "Sasa mimi mnaniletea kwa nini?"

"Si ndiwe uliyekuwa unamchanganyia petroli na oili? Watu wanasema meno alikuwa ananoa yeye, lakini ndani unafungua wewe."

Ni kweli. Hiza hakusoma. Mwantumu alifika darasa la tatu, na ingawa kitabu cha ule msumeno kilikuwa cha lugha ya huko ulikotoka, picha zilikuwa na namba, na namba alizijua.

"Ukiwaka?"

"Katibu kasema ukiwaka kabla ya Ijumaa, Abdi anafunguliwa." Sadala alisema hivyo huku anaziangalia choroko.

Mwantumu akalivuta gunia ndani.

Kwanza aliuosha. Ule ubapa mrefu unaobeba mnyororo ulikuwa bado na damu iliyoganda, na katikati ya meno nyuzi za shati aliloshona yeye. Nyuzi alizitoa moja moja kwa sindano. Halafu akatandika khanga kuukuu, akaanza kufungua, kila skrubu anaiweka kwa mpangilio wa namba za kitabu.

Plagi ilitoka na joto, kama jino lililong'olewa sasa hivi. Aliifuta, akaikwangua masizi, akaipuliza. Tangi alilimimina kwenye bakuli. Ilitoka petroli kidogo, halafu ikatoka damu, kikombe na nusu, nyepesi, haijaganda. Mwantumu hakuimwaga. Damu ya maiti haimwagwi. Alichimba shimo nyuma ya jiko, akaizika, akasoma Fatiha, akarudi kwenye khanga.

Kwenye kabureta ndiko kulikokuwa na ugonjwa. Kile kitundu chembamba kinachopitisha petroli kilikuwa kimeziba. Alichokoa kwa unyasi wa ufagio, ukatoka unywele mweupe uliojikunja. Akachokoa tena, ukatoka wa pili. Zilikuwa ndevu za Hiza. Alizitoa mpaka jua likawa linateremka, zikajaa kifuniko cha sufuria, na kila akidhani zimekwisha anaona nyingine inachungulia.

"Baba Abdi," akasema, "unanichosha."

Alifunga kila kitu, akachanganya petroli na oili kama alivyokuwa akichanganya siku zote, akaukanyaga kwa unyayo, akavuta kamba. Msumeno ukakohoa. Kilikuwa kikohozi cha Hiza, kile cha asubuhi, cha tumbaku. Akavuta tena, ukakohoa tena, ukanyamaza.

Alhamisi kutwa nzima ilikwenda hivyo. Jirani yake Chausiku, mwanamke mwenye mdomo, alikuja akakaa mlangoni.

"Bado hajakubali?"

"Bado."

"Hata alipokuwa hai, kumwamsha kwenda shamba ilikuwa kazi. Mwagie maji."

"Chausiku, niache."

"Nasema kweli. Na ukiuwasha, shoga, si watakata na kwangu?"

Mwantumu aliacha kufunga skrubu. "Watakata."

"Na kwako?"

"Na kwangu."

Chausiku aliangalia paa la nyumba yake, kule ng'ambo ya uwanja. Akasema, "Nyumba hainyonyi. Washa, mtoto arudi." Akaondoka bila kuaga.

Mwantumu akainama karibu na kabureta, kama mtu anayesema na mgonjwa. "Nimejua unachokataa. Unakataa kwa ajili ya nguzo zako. Lakini nguzo tutakata nyingine. Abdi yuko ghalani, kafungwa kamba, analala juu ya magunzi. Kama huwaki kwa ajili yao, waka kwa ajili ya Abdi."

Msumeno ulitetemeka kidogo, na kamba haijavutwa. Akavuta mara moja. Ukawaka.

Uliwaka vizuri, sauti imetulia, moshi mweupe kisha wa buluu, kama ulipotoka kwa Mzungu. Mwantumu alikaa chini akalia kwa furaha, akamshukuru mumewe, akapika choroko zote kwa nazi, akamwekea Abdi bakuli kubwa.

Ijumaa, baada ya swala, walianza. Sadala aliushika yeye, kwa mkono wa kulia na vidole vitatu vya kushoto. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Chausiku. Meno yalipouma mti, msumeno ukasema kwa sauti ya Hiza, ile ya puani kidogo, wala haukupiga kelele:

"Nguzo ya Chausiku."

"Abee," akasema Chausiku. Nyumba ikaanguka.

"Nguzo ya Mwaija."

"Abee."

"Nguzo ya marehemu Amne."

"Mungu amrehemu," watu wakaitikia, maana bibi Amne alifariki mwaka wa njaa na kila mtu alimzika.

Katibu Muhidini alikuwa na daftari la wahamiaji. Asubuhi yote alikuwa akibishana na watu juu ya nani wa nyumba ipi, wengine wanajiita majina ya babu zao ili wamchanganye. Sasa akaona kazi imekuwa nyepesi. Akavuta kiti karibu na msumeno, akawa anaandika kila unachotaja.

"Sadala, usikate haraka. Hilo la nne sikulisikia."

"Nguzo ya marehemu Mkomwa," msumeno ukasema.

Hapo watu wakatazamana. Mkomwa alikwenda kukata mkonge miaka mitatu nyuma na hakuna aliyeleta habari zake. Dada yake alisikiliza nguzo mpaka ikakatika, kisha akaenda akakaa chini, akaweka mikono kichwani, akaanza kulia, na wanawake wawili wakaenda kukaa naye. Katibu akaandika "marehemu" na kupiga mstari. Mzee mmoja aliyekataa kutoka ndani aliangukiwa na boriti, na msumeno, ulipofika kwenye nguzo yake ya pili, ukamwita marehemu, ingawa kwenye ya kwanza ulikuwa umemtaja bila neno hilo. Katibu alisahihisha.

Nyumba ya Mwantumu waliiacha ya mwisho, kwa heshima ya eda. Alisimama ndani mpaka alipoambiwa atoke, akatoka amejifunika, bakuli la choroko mikononi. Lilikuwa na kawa juu yake.

"Abdi yuko wapi?" aliuliza. "Msumeno si umewaka toka jana?"

"Tumalize kwanza mama," alisema Sadala.

Nguzo ya kati ilikuwa ya mwenye nyumba. "Nguzo ya marehemu Hiza," msumeno ukajisema, bila kusita. Ya ukutani: "Nguzo ya Mwantumu." Mwantumu akaitika. Ikabaki ya mlangoni, nyembamba kuliko zote, iliyokatwa mwaka Abdi alipotoka jandoni. Sadala aliiangalia. Akamwangalia katibu. Katibu alikuwa analowesha kalamu kwa ulimi, anangoja. Sadala akakata.

"Nguzo ya marehemu Abdi."

Paa lilishuka taratibu, kama kuku anayekalia mayai. Vumbi lilipotulia, Mwantumu alikuwa bado amesimama na bakuli.

"Lini?" akauliza.

"Jumanne," alisema Sadala. Msumeno ulikuwa unanguruma chini chini mikononi mwake. "Ilikuwa kwa ajili ya vidole, mama. Jumatatu msumeno ulinichukua vidole, Jumanne tukaingia ghalani. Tulikuwa wanne. Tulianza na mti wa mchi, halafu kila mtu na chake."

"Alisema neno?"

"Alimwita baba yake aje amtoe."

"Mmemzika wapi?"

"Nyuma ya ghala. Hatukumwosha, maji yalikuwa ya lori."

"Na chakula? Bakuli lilikuwa linarudi tupu."

"Tulikula sisi. Chakula chako kizuri mama."

Mwantumu akaliweka bakuli chini. Katibu aliandika alichosikia, akahesabu vichwa, akatangaza kwamba kwa kuwa nyumba hii imebaki na mtu mmoja, katika kijiji kipya itapata kiwanja cha mtu mmoja. Halafu akawasimulia watu habari za bomba la maji litakalokuja. Wakapandishwa lori. Siku tatu za kumlilia mtoto, Mwantumu alizimalizia kwenye kibanda cha turubai kando ya barabara, vumbi la magari likiingia na kutoka, na eda ya mume ikaendelea kutoka pale ilipoishia.

Wiki ya pili Sadala alibisha hodi kwa mguu. Gunia lilikuwa lile lile.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Umezimika tena. Na Jumatatu tuna kitongoji cha ng'ambo ya mto, nyumba arobaini."

"Weka hapo."

Alitandika khanga, akafungua, skrubu kwa mpangilio wa namba. Plagi ilikuwa na joto. Kwenye kabureta, kwenye kitundu kile kile, alichokoa kwa unyasi, ukatoka unywele. Safari hii ulikuwa mweusi, mfupi, wa ndevu ambazo ndiyo kwanza zinaota. Nyuma yake ulikuwepo mweupe, umejibana.

"Jisogeze huko," Mwantumu alisema. "Mpishe baba yako, hapo padogo."

Akachokoa taratibu, bila kuharakisha, mpaka hewa ikapita. Alipovuta kamba mara moja tu, ukawaka.

Jumatatu walikata nyumba arobaini. Habari zilikuwa zimeshavuka mto, na hakuna aliyejificha wala aliyekumbatia nguzo. Walitoka mapema, wakakoga, wakavaa nguo za sikukuu, wakajipanga kila mtu mbele ya mlango wake. Wenye watoto waliochukuliwa na mgambo walisimama mbele kabisa, wapate kusikia vizuri.