Kioo cha Mwenyekiti

Vratislav alikuwa mwenyekiti wa chama cha waunda vigari vya mfano vya plastiki mjini Olomouc, na kwa miaka mingi aliwahubiria wenzake subira. Rangi ikinuka, haijakauka; usiiguse. Kioo kibandike kwa gundi nyeupe ya watoto wa shule, maana mvuke wa supaglu hukitia ukungu. Hekima hii aliigawa bure, hata kwa wasioiomba.

Asubuhi ya mashindano, huku akilitamani kombe ambalo hajawahi kulishinda, aliona gundi nyeupe inamchelewesha. Akatia tone moja tu la supaglu. Alipofika ukumbini, kioo cha mbele cha gari lake jekundu kilikuwa cheupe kama maziwa.

"Hii ni jalidi, umande ulioganda," aliwatangazia waliolizunguka. "Nimeunda gari lililolala nje kwenye baridi kali ya Januari."

Mpinzani wake, Zbyněk, aliinama akachungulia. "Hongera, mwenyekiti. Jalidi safi kabisa. Ila mbona imeganda upande wa ndani?"

"Si dereva anapumua, bwana!"

"Dereva yupi? Kiti kitupu hiki."

"Ameshuka."

"Amekwenda kununua gundi nyeupe?"

Watu wakaangua kicheko, majaji wakiwamo, na kombe likaenda kwa Zbyněk. Kwa desturi ya chama, anayelikabidhi ni mwenyekiti. Vratislav alilikabidhi kwa mikono miwili, akitabasamu kama mtu aliyetoka kung'olewa jino.