Kosa la Somo la Saba

Wivu ulimkaa Mama Dakika kooni kama mwiba wa samaki. Nesi huyu alikuwa amewafundisha madaktari wanafunzi wodi ya watoto kwa miaka ishirini na miwili, kila Ijumaa, na jina hilo alibandikwa kwa sababu hakumruhusu mtu kuhesabu pumzi za mtoto pungufu ya dakika nzima. Sasa wanafunzi wanajifunza kwenye simu. Na anayewafundisha huko, jamani, ni binti aliyemnoa yeye mwenyewe, aliyeingia wodini hajui hata kushika kipimajoto! Leo ana video arobaini, na anatazamwa nchi nane.

"Ijumaa tuziache video zifundishe," daktari mkuu alikuwa amemwambia. "Labda unionyeshe zina ubaya gani."

Akapewa wiki moja. Akaanza kuzitazama moja baada ya nyingine, wala si kwa kujifunza. Alikuwa anamchimba mtu. Kwenye somo la saba akampata. Binti kamfunua mtoto kwa mikono ya baridi, mtoto kaangua kilio, na yeye anahesabu tu! Mama Dakika alizima simu palepale, akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka.

Ijumaa akaiwasha video hiyo kwenye skrini ya ukutani mbele ya daktari mkuu na wanafunzi tisa. Mtoto alipolia, akaisimamisha.

"Mnaona? Hapo anahesabu kilio, wanangu, si pumzi! Ndiye mnayemshangilia huyu?"

"Kweli, hapo kachemka," mwanafunzi mmoja alikubali. "Lakini mama, hebu iache iendelee kidogo."

Akaiachia, moyo wake kwatu. Ukutani binti akainua uso.

"Hili nimelifanya makusudi," alisema. "Ni kosa langu la mwaka wa kwanza. Nesi aliyenifundisha alinichapa kofi la mkononi, akaniambia: hapo unahesabu kilio, mwanangu, si pumzi. Yote ninayowafundisha humu nimeyatoa kwake."

Vichwa vyote vikageuka. Mama Dakika alihisi masikio yanawaka. Angetukanwa, angejua pa kushika. Lakini kushukuriwa na mtu uliyemwonea kijicho wiki nzima, tena hadharani, tena kwa upole ule, kulimchoma kuliko video zote arobaini. Yaani hata sifa zake mwenyewe apewe na yule mtoto?

Daktari mkuu alikuwa anatabasamu. "Mama, ni wewe huyo? Maana kama ni wewe, nafuta maneno yangu. Ijumaa inabaki yako."

Neno moja tu lilitakiwa.

"Simjui," alisema Mama Dakika. "Wamepita wengi hapa."

Wanafunzi wakatazama viatu vyao. Daktari mkuu akamwangalia usoni. Basi akafunga daftari lake.

"Haya. Ijumaa ijayo tutaanza na somo la nane."